Kuunga na Kumalizia Nyuzi za Kioo
Somo kwa makatibu na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi

Wazee wa Tabora waliotumikia Reli wanajua jinsi waya wa simu ulivyokuwa ukiungwa zamani. Fundi alipanda nguzo, akakwangua kutu kwenye ncha mbili za waya, akazisokota pamoja kwa koleo, akashuka. Simu ikapita. Kwa hiyo si ajabu kwamba wajumbe wa Bodi, wakiletewa ankara ya kuunga kebo mpya ya mawasiliano iliyokatwa na jembe, huuliza kwa nini kuunga mahali pasipozidi urefu wa mkono kumegharimu kuliko kebo yenyewe. Swali hilo ni la haki, maana fedha ni za wanachama. Lakini nyuma yake liko swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo kubwa zaidi: je, kiungo hicho kilicholipiwa ni kizuri?

Kiungo kibaya cha waya wa shaba kilijulikana siku ile ile, kwa kuwa simu ilikwaruza masikioni. Kiungo kibaya cha uzi wa kioo huweza kunyamaza kwa mwaka mzima au miwili, mawasiliano yakipita kama kawaida, kisha yakakatika katikati ya msimu wa masoko ya tumbaku, wakati ambapo katibu anatakiwa kupeleka taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika na wakulima wanasubiri malipo yao yapite benki. Siku hiyo fundi aliyefanya kazi mbovu amekwisha kulipwa zamani, na huenda hata nambari yake ya simu haipatikani tena.

Njia ya zamani na njia ya sasa

Burton na Speke walipoondoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne ya mwendo, maradhi na mapumziko. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2009, kebo ya baharini iitwayo SEACOM ilifika Dar es Salaam, nyingine iitwayo EASSy ikafuata mwaka 2010, na katika kipindi hicho hicho Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umekwisha kufika makao makuu ya mikoa ya Bara, Tabora ikiwamo. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Umbali wa reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, ambao ni kilomita zipatazo 840, huumaliza kwa sehemu nne tu za elfu moja ya sekunde.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wapagazi wa njia ya Ujiji wangelitambua mara moja. Mzigo wa msafara haukusumbua sana ukiwa begani mwa mtu mmoja aliyeuzoea. Ulisumbua ulipobadilisha mabega. Wapagazi wengi waliotoka pwani walimaliza mapatano yao Unyanyembe, na wengine wakatafutwa kwa sehemu ya mbele. Marobota yalifunguliwa, yakahesabiwa na kufungwa upya, na hapo ndipo ushanga ulipomwagika na kitambaa kikapungua. Mwanga nao haupotei sana njiani. Hupotea pale unapopokezanwa kutoka uzi mmoja kwenda mwingine.

Uzi wenyewe

Kebo inayoletwa ofisini ni nene kiasi cha penseli, lakini sehemu kubwa ya unene huo ni kinga: plastiki ngumu ya nje, nyuzi imara za kuvumilia kuvutwa, na mara nyingine chuma cha kuzuia panya na mchwa. Ndani yake imo mirija, na ndani ya mirija zimo nyuzi za kioo ambazo mafundi huziita faiba, kila moja imepakwa rangi yake ili isichanganywe na jirani yake. Uzi mmoja bila rangi una upana wa maikromita 125, yaani sehemu ya nane ya milimita moja. Na si upana wote huo unaopitisha mwanga. Katika nyuzi zinazotumika kwa masafa marefu, njia ya mwanga iko katikati tu, nayo ina upana wa maikromita 9 hivi. Unywele wa mtu wa kawaida ni mnene mara saba au nane kuliko njia hiyo.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapo, kwa sababu gharama yote ya kuunga imetoka katika namba hiyo ya 9. Kuunga nyuzi mbili maana yake ni kuzikabilisha njia mbili nyembamba namna hiyo, uso kwa uso, bila moja kwenda kando hata kwa maikromita moja au mbili, bila uwazi kati yao, bila punje ya vumbi. Punje moja ya vumbi la barabara ya Urambo wakati wa kiangazi huweza kuwa pana kuliko njia nzima ya mwanga.

Kioo chenyewe kimekuwa safi mno. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham walieleza kwamba kioo kingeweza kubeba mawasiliano iwapo upotevu wake ungeshushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, na mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ilikifikia kiwango hicho. Desibeli 20 maana yake ni kwamba katika mwanga wa sehemu mia, sehemu moja tu ndiyo inayofika. Leo uzi mzuri hupoteza desibeli 0.35 hivi kwa kilomita katika rangi moja ya mwanga inayotumika, na 0.2 hivi katika nyingine. Rangi zote mbili hazionekani kwa macho. (Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule ambao kebo ya kwanza ya aina hiyo ilifika Dar es Salaam.)

Desibeli isimtishe katibu. Ni kipimo cha upotevu, na inatosha kukumbuka kwamba upotevu wa desibeli 3 huacha nusu ya mwanga, na upotevu wa desibeli 10 huacha sehemu ya kumi. Faida yake ni kwamba upotevu wa kila kipande cha njia hujumlishwa tu, kama vile gharama zinavyojumlishwa katika kitabu cha fedha.

Kuunga kwa kuyeyusha

Njia iliyo bora ya kuunga ni kuyeyusha ncha mbili mpaka ziwe kioo kimoja. Fundi huvua plastiki ya nje, hufungua mrija, husafisha mafuta mazito yaliyomo, kisha huondoa rangi ya uzi kwa koleo maalumu kiasi cha sentimita tatu au nne. Kabla ya yote huvisha uzi mmoja mrija mdogo wa kinga. Fundi akisahau mrija huo, kiungo kitakamilika bila kinga, na itambidi akikate aanze tena.

Uzi ukishavuliwa husafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, kilicholoweshwa spiriti safi ya asilimia 99. Spiriti ya kusafishia vidonda, ambayo ina maji mengi, haifai. Kisha uzi hukatwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kikatio hakikati kama mkasi: huchora mkwaruzo mdogo juu ya kioo, kisha huupinda uzi ili uvunjike wenyewe, na uso wake uwe bapa kama kioo cha kujitazamia, usioegama zaidi ya digrii moja. Kisu cha kikatio kikichakaa, uso hutoka na pembe au jino. Mashine itauunganisha hivyo hivyo iwapo fundi ataamua kupuuza onyo lake, na wako mafundi wanaopuuza.

Uzi uliokatwa hauguswi tena wala haufutwi. Huwekwa mashinani, ambamo kamera huukuza mara mamia ili mashine izikabilishe njia mbili za mwanga. Cheche ya umeme huruka kati ya sindano mbili, ikatoa joto linalozidi digrii 1,600 za Sentigredi kwa sekunde chache, na nyuzi mbili zikawa mmoja. Mashine huuvuta uzi kidogo kujaribu uimara wake, kisha huonyesha makadirio ya upotevu. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.02 hadi 0.05, na kinachozidi 0.1 kinafaa kukatwa na kurudiwa. Mwisho, mrija wa kinga huvutwa juu ya kiungo na kupashwa moto mpaka unywee.

Jambo moja linahusu hasa nchi ya Unyamwezi. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Cheche ya umeme hubadilika kulingana na hewa. Kwa hiyo mashine iliyotumika jana Dar es Salaam hailingani na hali ya Tabora mpaka ijaribiwe na kurekebishwa, kazi ya dakika chache ambayo mashine nyingi hujifanyia zenyewe zikiamriwa. Katibu akimwuliza fundi, kwa adabu, kama amekwisha kufanya jaribio la cheche tangu alipofika, jibu litamweleza mengi kuhusu fundi huyo. Upepo nao ni adui. Kazi ifanyike ndani ya gari au hema, si juu ya kigoda kando ya barabara ambapo malori yanapita.

Kuunga kwa kubana

Iko njia ya pili isiyohitaji mashine. Nyuzi mbili hukatwa vilevile kwa kikatio, kisha husukumwa kutoka pande mbili ndani ya kifaa kidogo chenye mfereji ambamo huonana uso kwa uso, zikizungukwa na mafuta mazito yanayosaidia mwanga kuvuka, na kifuniko huzibana. Kiungo cha namna hii hupoteza desibeli 0.1 kikifanywa vizuri mno, na kwa kawaida 0.2 hadi 0.5. Kifaa kimoja ni rahisi kununua, ilhali mashine ya kuyeyusha ni ya mamilioni ya shilingi. Ndiyo sababu fundi asiye na mtaji huipenda njia hii.

Si haki kuilaani kabisa. Usiku wa dharura, wakati wa mvua, ikiwa mashine iko Mwanza au Dodoma, kiungo cha kubana hurudisha mawasiliano ndani ya nusu saa. Lakini kiandikwe kuwa ni cha muda, na tarehe ya kukibadilisha itajwe. Kiungo cha muda kisichoandikwa popote huwa cha kudumu, na mafuta yake huzeeka, vumbi huingia, na joto la kiangazi na baridi ya Juni hukisogeza kidogo kidogo.

Kopo la viungo

Kiungo chochote, kizuri kiasi gani, ni kioo kilichovuliwa nguo. Hulazwa katika sinia la plastiki, na masinia hufungwa ndani ya kopo lisilopenya maji, ambalo hutundikwa nguzoni au kuzikwa shimoni. Nyuzi ndani ya sinia huzungushwa kwa duara pana. Duara lenye nusu kipenyo kinachopungua milimita 30 huanza kumwaga mwanga nje, hata kama uzi haujavunjika. Pande zote mbili za kopo iachwe kebo ya akiba ya mita 10 au zaidi, imekunjwa vizuri.

Akiba hiyo ndiyo mafundi wa bei rahisi hupunja kwanza, na hasara yake yaonekana baadaye. Kebo ikikatwa mahali penye akiba karibu, huvutwa na kuungwa mara moja. Ikikatwa mahali pasipo na akiba, haifiki. Hapana budi kuweka kipande kipya katikati, na kipande kipya kina ncha mbili. Mkato mmoja umezaa viungo viwili kwa kila uzi. Ndivyo ifanyikavyo hata baharini. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Meli ya matengenezo hufika mahali kama hapo, huopoa ncha moja baada ya nyingine kutoka chini ya bahari, huunga kipande kipya kati yake, na kukishusha tena. Chumba cha kuungia ndani ya meli hufanya kazi ile ile inayofanywa kwenye gari huko Sikonge, isipokuwa hakuna vumbi.

Mwaka 1871 vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya Urambo, Stanley aliyekuwa Kwihara alizunguka kusini kwa njia ya Ukonongo na kufika Ujiji mwezi Novemba. Mikongo mikubwa hujengwa kwa mduara kwa sababu hiyo hiyo, ili upande mmoja ukikatika mawasiliano yapite upande wa pili. Kebo ya chama cha msingi haina upande wa pili. Ni njia moja tu kutoka barabara kuu hadi ofisini, na kila kiungo chake ni cha lazima.

Kumalizia ncha

Kumalizia ni kuupa uzi kichwa kinachoweza kuchomekwa katika mtambo. Zamani fundi aligundisha uzi ndani ya kichwa kwa gundi na kuusugua juu ya msasa laini mpaka ung'ae. Kazi hiyo sasa imeachiwa viwanda. Njia inayofaa ofisi ya chama ni kutumia mkia, yaani uzi mfupi ambao kichwa chake kilitiwa kiwandani, na kuuyeyusha pamoja na uzi wa kebo ndani ya kisanduku cha ukutani. Njia ya pili ni kichwa cha kubana, ambacho fundi hukitia papo hapo bila mashine. Lililosemwa juu ya kiungo cha kubana lasemwa tena hapa.

Vichwa vya kawaida ni viwili, SC ambacho ni cha mraba, na LC ambacho ni kidogo, karibu nusu yake. La kukumbuka zaidi ni rangi. Kichwa cha buluu kina uso ulionyooka. Cha kijani kina uso uliokatwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma usimsumbue mtumaji. Buluu huchomekwa kwa buluu na kijani kwa kijani. Ukiingiza kijani katika tundu la buluu kitaingia vizuri kabisa, na hilo ndilo baya lake: nyuso hazitagusana ipasavyo, mwanga mwingi utapotea, na huenda nyuso zote mbili zikakwaruzika.

Kila mara kichwa kinapochomolewa, husafishwa kabla ya kurudishwa, na kisipotumika huvikwa kofia yake. Katika ofisi nyingi uzi wa manjano unaotoka kisandukuni hupita nyuma ya kabati, faili za mikopo zikiwa zimeusukuma ukutani mpaka ukapindika kama ndoana. Kabla ya kumwita fundi, kabati isogezwe. Anayefagia ofisi naye aelezwe asichomoe uzi huo ili apitishe ufagio. Vumbi la tumbaku ni laini na lina nta. Likishika uso wa kichwa haliondoki kwa kupuliza kwa mdomo, na mate yanayotoka na pumzi huongeza uchafu.

Kioo hakipitishi umeme, lakini chuma kilichomo ndani ya baadhi ya kebo hupitisha, na Tabora ina radi nyingi tangu mvua za Novemba. Chuma hicho kikatwe na kuunganishwa na ardhi pale kebo inapoingia jengoni, au inunuliwe kebo isiyo na chuma kabisa. Tena, mtu asichungulie kamwe ncha ya uzi akitaka kuona kama mwanga umefika: mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho. Vipande vya kioo vilivyokatwa vihesabiwe na kutiwa katika chupa yenye kifuniko. Huingia ngozini bila kuonekana, na asile mtu chakula mezani hapo mpaka pamefutwa.

Hesabu ya njia nzima

Tuchukue chama kilicho kilomita 6 kutoka kituo cha barabara kuu. Kebo huja katika drumu za kilomita 2, kwa hiyo njiani vipo viungo viwili, na kila mwisho upo mkia ulioyeyushwa, jumla viungo vinne. Vichwa vinavyochomekwa ni jozi mbili. Hesabu ya kazi nzuri ni hii: kioo 6 × 0.35 = 2.1; viungo 4 × 0.1 = 0.4, jozi za vichwa 2 × 0.5 = 1.0. Jumla desibeli 3.5. Chini kidogo ya nusu ya mwanga hufika.

Sasa fundi mwingine atumie viungo vya kubana vyenye 0.5 kila kimoja, na vichwa aviache na vumbi hata kila jozi ipoteze 2.0. Kioo ni kile kile 2.1, viungo 2.0, vichwa 4.0. Jumla desibeli 8.1. Kati ya sehemu mia, zinafika 15 au 16 tu.

Hata hivyo, njia hii mbovu itafanya kazi siku ya makabidhiano. Katika mpango wa kawaida wa kugawa uzi mmoja kwa wateja 32, kigawanyio chenyewe hupoteza desibeli 17 hivi, na mitambo ya daraja linalotumika zaidi huvumilia upotevu wa jumla wa desibeli 28. Njia nzuri imetumia 20.5 na kubakiza 7.5. Njia mbovu imetumia 25.1 na kubakiza 2.9. Taa ya kijani huwaka katika ofisi zote mbili. Mwenyekiti hupiga makofi katika ofisi zote mbili.

Kisha majembe yaanze. Greda la barabara likakata mara ya kwanza, fundi yule yule akaweka kipande kipya kwa viungo viwili vya 0.5; akiba ikashuka kuwa 1.9. Mara ya pili ikashuka kuwa 0.9. Mara ya tatu jumla ni 28.1, na taa haiwaki tena, ingawa fundi anaapa kwamba ameunga kama alivyounga siku zote. Anasema kweli. Kosa si la siku ile. Ni la siku ya kwanza. Njia nzuri, ikiungwa kwa 0.1 kila kiungo, hupoteza 0.2 tu kwa kila mkato, na ingestahimili mikato zaidi ya thelathini kabla ya kumaliza akiba yake.

Kabla ya kutia saini

Vipimo viwili vidaiwe. Cha kwanza ni cha nguvu ya mwanga: taa inayojulikana nguvu yake huwekwa mwisho mmoja, kipimo mwisho wa pili, na tofauti huandikwa. Hicho hueleza jumla ya upotevu lakini hakisemi umepotelea wapi. Cha pili ni kile ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake O-T-D-R. Hutuma mpigo mfupi wa mwanga na kusikiliza mwangwi unaorudi, kama mtu anayepiga kelele bondeni, kisha huchora mstari unaoteremka polepole. Kila kiungo huonekana kama ngazi ndogo, na umbali wake huandikwa kwa mita. Kipimo hiki kifanywe kutoka pande zote mbili na wastani utafutwe, kwa kuwa kutoka upande mmoja kiungo huweza kuonekana kizuri au kibaya kuliko kilivyo. Ngazi kubwa kwenye mita 2,000 ikiwa hapo ndipo drumu mbili zilipokutana, fundi arudi aifungue na kuirudia kwa gharama zake. Iwapo mkataba haukutaja kiwango cha 0.1, atakuwa na haki ya kukataa. Kwa hiyo kitajwe mapema.

Karatasi za vipimo, ramani inayoonyesha kila kopo liko kwenye nguzo au shimo gani, na orodha ya rangi za nyuzi zilizotumika ziambatanishwe na hati ya malipo na kuwekwa katika faili la mali za chama, si katika simu ya fundi. Bodi ifikirie pia kubakiza sehemu ya malipo mpaka mvua ya kwanza ipite, kwa maana kopo linalovuja halijulikani wakati wa kiangazi. Kuhusu kununua mashine ya kuyeyusha, chama kimoja cha msingi kisijitwike mzigo huo. Kisu cha kikatio na sindano za cheche huchakaa, na mashine inayotumika mara tatu kwa mwaka huharibika kabatini. Ikiwa vyama kadhaa vya wilaya moja vina kebo zao, jambo hilo lipelekwe Chama Kikuu, pamoja na jina la kijana atakayefundishwa kuitumia kila wiki.

Zoezi kwa vikundi vya masomo

1. Ofisi ya chama iko kilomita 9 kutoka kituo cha barabara kuu, na kebo imekuja katika drumu za kilomita 3. Kwa viwango vya kazi nzuri vilivyotajwa, jumla ya upotevu ni desibeli ngapi kabla ya kigawanyio? Baada ya kuongeza 17 za kigawanyio, akiba inayobaki ni kiasi gani?

2. Fundi amekabidhi kazi, intaneti inafanya kazi, naye anaomba malipo yote leo kwa kuwa ana safari ya Kigoma kesho. Hana karatasi ya vipimo. Jadilini kile ambacho katibu ataandika katika muhtasari wa kikao, na kile atakachomjibu fundi.

3. Katika ofisi yenu wenyewe, ufuateni uzi wa manjano kutoka mtamboni hadi ukutani. Andikeni rangi ya kila kichwa, na kila mahali uzi ulipopindwa au kukandamizwa.